Maktaba Moja ya C, Mashine Nyingi

Kuihamisha maktaba ya C, yaani mkusanyo wa msimbo wa lugha ya C ambao programu nyingine huutumia, ili ifanye kazi kwenye mashine au mfumo endeshi mwingine ni kazi inayodharauliwa. Wengi hudhani ni suala la kuituliza kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine: makosa yakiisha kwenye skrini, basi maktaba imehamia. Kwa muda wote ambao nimetunza maktaba ya programu huria, matatizo yaliyonikosesha usingizi yalianza baada ya kompaila kunyamaza.

Maktaba yenyewe ni ndogo. Imeandikwa kwa C, iko chini ya leseni ya programu huria ya LGPL, na kazi yake ni kumpunguzia mwandishi wa programu adha ya kuzungumza na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, moja kwa moja: kuanzisha michakato, kusubiri soketi nyingi (ncha za mawasiliano) kwa pamoja, kusoma saraka, kupima muda, kufungua na kufunga faili. Siitaji jina kwa sababu ninayoyasema yanahusu maktaba yoyote ya aina hii. Mwanzilishi wake aliiandika kwenye Linux ya kichakataji cha x86, kwani ndiyo mashine aliyokuwa nayo. Alipoamua kupumzika aliwauliza watumiaji nani ataichukua. Mimi nikajitokeza, maana programu tuliyokuwa tukiitengeneza kazini Dar es Salaam iliitegemea, na maktaba ikikosa mwenyewe huoza polepole bila mtu kujua.

Ombi zito la kwanza lilitoka kwa watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Wao hujenga kila kifurushi kwenye aina zote za mashine wanazozitambua rasmi, na mojawapo ni s390x, zile mashine kubwa za IBM zinazotumika sana kwenye mabenki na kampuni za bima. Jaribio letu moja lilikuwa linaanguka huko. Lilikuwa jaribio dogo kabisa: tunaandika baiti 5 kwenye bomba (njia ya kupitisha data kati ya programu), kisha tunaiuliza kerneli ni baiti ngapi zinasubiri kusomwa. Kwenye laptopu yangu jibu lilikuwa 5. Kwenye s390x jibu lilikuwa 21,474,836,480.

Swali hilo huulizwa kwa wito wa ioctl wenye ombi la FIONREAD, na kerneli hujibu kwa kuandika int, yaani namba kamili ya baiti 4, kwenye anwani uliyoipa. Msimbo wetu uliipa anwani ya long, aina nyingine ya namba kamili, ambayo kwenye Linux ya biti 64 ina baiti 8. Sasa, x86 huweka mbele baiti yenye uzito mdogo. Zile baiti 4 za kerneli ziliangukia nusu ya kwanza, nusu ya pili ikabaki sufuri kama tulivyoianzisha, na namba ikasomeka vizuri. s390x huweka mbele baiti yenye uzito mkubwa, hivyo jibu lile lile liliangukia nusu nzito ya namba, likazidishwa kwa 4,294,967,296. Sikuwa na mashine ya IBM, lakini QEMU, programu ya kuigiza mashine aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, inaweza kuiigiza kwenye laptopu ya kawaida. Nilipochapisha thamani ile kwa tarakimu za msingi wa 16, ugonjwa ulijieleza: 5 ikifuatwa na sufuri nane.

Kurekebisha kulikuwa kubadilisha neno moja, long likawa int. Kilichonikaa kichwani ni kwamba msimbo ule ulikuwa na kosa kwenye x86 vilevile, tena tangu siku ulipoandikwa. x86 ilikuwa inaufichia aibu. Tangu hapo ripoti ikija kutoka mashine nisiyoijua, siulizi tena kama kuna watu wanaoitumia kweli. Naisoma nikijua kwamba kosa lenyewe huenda liko kwenye seva zetu pia, linangoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa na ARM, vichakataji vinavyotumika sana kwenye simu na vibao vidogo. Mahali fulani msimbo ulisoma faili herufi moja moja kwa fgetc, ukaiweka kwenye char (aina ya data ya baiti moja), kisha ukalinganisha na EOF, alama ya mwisho wa faili, ambayo ni -1. Kwenye Linux ya ARM, char haina alama ya hasi, kwa hiyo -1 ikiingia humo inakuwa 255, na 255 haitalingana na -1 hata siku moja. Kitanzi hakikomi. Mtu angeweza kusema ARM ndiyo yenye shida, lakini rudi kwenye x86 uangalie vizuri: kule char ina hasi, na faili likiwa na baiti halali ya 255 katikati, msimbo unadhani limekwisha na kuacha kusoma bila kulalamika. ARM iliganda, tukaliona kosa. x86 ilikata data za watu kimya kimya, na kati ya hizo mbili mimi naona ile iliyoganda ilitutendea wema.

Kisha ikaja zamu ya musl. Maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux nyingi ni glibc, lakini Alpine, mfumo mwingine wa Linux ambao umeenea mno kwenye kontena (vifurushi vya kuendeshea programu) kwa sababu ya wepesi wake, ilihamia musl, maktaba mbadala wa glibc, mwaka 2014. Ujumbe uliotufungulia mlango huo ulitoka kwa binti mwanafunzi wa chuo Mbeya aliyekuwa akijenga kituo cha hali ya hewa kwa kibao kidogo cha ARM chenye Alpine.

"Shikamoo kaka," aliandika. "Samahani kwa usumbufu. Programu yangu inakufa kila nikiita kitendakazi chenu cha kunakili faili ndani ya uzi. Nje ya uzi haifi. Nimejaribu kwa Ubuntu, haifi kote kote. Sijui kama kosa ni langu."

"Marahaba mdogo wangu. Kosa si lako," nilimjibu baada ya kuangalia. "Nipimie kitu kimoja: ukiuongezea uzi wako rafu ya megabaiti 1, bado unakufa?"

Haukufa. Uzi ni mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, na rafu ni eneo la kumbukumbu ambalo kila uzi hupewa. Kitendakazi chetu kilikuwa kinatenga bafa, yaani nafasi ya muda ya kupitishia data, ya kilobaiti 256 juu ya rafu. Kwenye glibc uzi mpya kwa kawaida hupewa megabaiti 8, kufuatana na kikomo cha mfumo, kwa hiyo bafa ile ilionekana ndogo. Kwenye musl uzi hupewa kilobaiti 128 usipoomba zaidi. Bafa peke yake ilikuwa imezidi rafu nzima mara mbili. Hakuna kiwango chochote kinachoahidi megabaiti 8. Ni ukarimu wa glibc tu, nasi tulikuwa tumeujengea nyumba. Yule binti aliandika kiraka (badiliko la msimbo) mwenyewe, bafa ikahamia kwenye kumbukumbu inayoombwa kwa malloc, nje ya rafu, na akaongeza jaribio linaloendesha kila kitendakazi ndani ya uzi wenye rafu ndogo. Lile jaribio ni zuri kuliko kiraka, nilimwambia hivyo, na hadi leo ndilo hunikamata nikitaka kufanya uvivu.

Kuna jambo moja kuhusu musl ambalo mwanzoni lilinikera na sasa nalikubali kwa moyo wote. Watunzaji wake wamekataa kwa makusudi kuweka makro ya kuitambulisha. Huwezi kuandika kwenye msimbo "kama hii ni musl, fanya hivi". Hoja yao ni kwamba ukiuliza jina la mfumo unakisia tabia zake, na tabia hubadilika wakati jina limebaki. Uliza uwezo wenyewe upo au haupo. Tulikuwa na mfano hai: strerror_r, kitendakazi kinachogeuza namba ya kosa kuwa maandishi. Kwenye glibc, ukiwa umewasha nyongeza za GNU, hurudisha kielekezi (anwani) cha maandishi. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inasema irudishe int, na musl inafuata POSIX. Msimbo wetu ulichukua int ile, mara nyingi sufuri, ukaitumia kama anwani ya maandishi, programu ikafa wakati ikijaribu kueleza kosa lingine. Zamani kompaila ilitoa onyo tu ambalo hakuna aliyelisoma. Kompaila ya GCC 14 ya mwaka 2024 imeligeuza onyo la namna hiyo kuwa kosa kamili, na baadhi ya watu walinung'unika. Mimi nilishukuru. Sasa hati yetu ya kusanidi inakompaili kipande kidogo cha msimbo kujua strerror_r inarudisha nini, na haijali iko kwenye mfumo gani. Kwa njia hiyo hiyo tulifuta mistari mingi sana iliyokuwa ikitaja Linux, FreeBSD na macOS kwa majina.

Hata hivyo, wito ulionifunza kuliko yote ni close. Nani angefikiri kwamba kufunga faili kuna utata?

Wito wa mfumo, yaani ombi la programu kwa kerneli, ukikatizwa na ishara, hurudi na kosa la EINTR, na desturi ni kuuita tena. Kwa read na write, za kusoma na kuandika, desturi hiyo ni sahihi. Mwanzilishi alikuwa ameizungushia kila wito kitanzi cha kujaribu tena, close ikiwemo, na kwa jicho la kawaida msimbo ulipendeza, ulionekana wa mtu makini. Sasa ikaja ripoti kutoka kwa mtumiaji mwenye seva ya nyuzi nyingi: mara chache sana, faili lake la kumbukumbu za matukio lilikuwa likifungwa bila yeye kulifunga. Faili zake nyingine zilikuwa kwenye saraka iliyopachikwa kwa FUSE, njia ya kuendesha mfumo wa faili nje ya kerneli, ambako close inaweza kurudisha kosa ambalo kwenye diski ya kawaida karibu hulioni kabisa.

Nilimwomba aendeshe seva chini ya strace, chombo kinachoandika kila wito wa mfumo, na kunitumia matokeo. Kwenye lundo lile la mistari kulikuwa na mitatu iliyofuatana ambayo niliisoma mara nyingi. Uzi wa kwanza unaita close kwa namba 7, unarudi na EINTR. Uzi wa pili unafungua faili la kumbukumbu, kerneli inampa namba 7. Uzi wa kwanza unaita close kwa namba 7 tena, safari hii unafaulu. Linux huachia namba ya faili mapema, kabla hata close haijajua kama kuna kosa. EINTR ikirudi, namba imeshakuwa huru na mwingine anaweza kupewa. Tulipojaribu tena tulifunga faili la jirani.

Tungefuta tu kile kitanzi? Kwenye Linux, ndiyo. Lakini kwenye HP-UX, mfumo endeshi wa kampuni ya HP, faili hubaki wazi baada ya EINTR, na usipojaribu tena namba zinavuja hadi zinakwisha. POSIX ya mwaka 2008 ilisema wazi kwamba hali ya faili wakati huo haijabainishwa, maana mifumo ilishatofautiana. Huu ndio moyo wa kazi ya kuhamisha maktaba ya mfumo: herufi zile zile, jina lile lile, hoja zile zile, maana mbili zinazopingana. Tuliamua kwamba maktaba haitajaribu tena popote, na tukaandika uamuzi huo kwenye nyaraka pamoja na sababu yake. Ile sababu naithamini kuliko msimbo. Baada ya muda mtu makini mwingine atafika, aone close haina kitanzi, adhani tumesahau, akirudishe. Kweli wamejaribu. Nikawaonyesha aya ile, wakaelewa mara moja.

Kutunza kuna upande wa pili ambao hauonekani kwenye majaribio, nao ni ahadi kwa programu zilizokwisha kujengwa. Muundo wa data ukiwa wazi kwenye faili la kichwa (header), programu ya mtu imeshahesabu ukubwa wake na kuutenga kwenye rafu yake. Wewe ukiongeza sehemu moja tu mwishoni, ni kama kubadilisha kipimo cha tofali wakati watu wameshapandisha ukuta. Sehemu kubwa ya miundo yetu sasa imefichwa nyuma ya vielekezi, mtumiaji anapata mpini tu. Uliobaki wazi ulikuwa mmoja, na ndani yake mlikuwa na time_t, aina ya data ya C inayohifadhi muda.

Hapo ndipo mwaka 2038 ulipotukuta. Mashine za biti 32 zilizohesabu muda kwa biti 32 zitafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038, Jumanne, saa tisa usiku, dakika 14 na sekunde 7, kwa hesabu ya UTC (saa ya kimataifa), ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, watu wakiwa kwenye daladala. Kerneli ya Linux ilikamilisha njia ya biti 64 kwa mashine hizo kwenye toleo 5.6 mwaka 2020, musl ikahamia moja kwa moja mwaka huo huo, glibc ikatoa hiari hiyo kwenye toleo 2.34 mwaka 2021. Mwaka 2024 Debian ilijenga upya vifurushi vyake vya ARM ya biti 32 kwa time_t mpya, na maktaba nyingi zikabadilishwa majina ya vifurushi ili ya kale na mpya zisichanganyike. Yetu ilikuwa mojawapo. Wapo waliosema biti 32 imekufa, tuiache. Lakini vibao vya ARM ya biti 32 vimo ndani ya vifaa ambavyo hakuna atakayevifungua kwa miaka mingi, na kifaa kinachofungwa leo kinaweza kabisa kuiona asubuhi ile. Nilitoa namba mpya ya toleo la maktaba, nikawaandikia wote ninaowajua wanaoitumia, nikasubiri lawama. Zilikuwa chache.

Kuhusu watu, nitasema jambo moja tu. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu huria ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Aliyeupachika alikuwa ameingia kama msaidizi, akajenga imani kwa muda mrefu, huku mtunzaji aliyechoka akishinikizwa na watu wasiojulikana agawe madaraka. Sehemu ya hila ilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo na haikuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu huisoma. Nilisoma habari ile nikaumia kwa ajili ya yule mtunzaji, maana nami nimewahi kupokea ujumbe wa "mbona hujibu, kama umeshindwa waachie wengine". Tangu hapo vifurushi vyetu vinatengenezwa kutoka kwenye hazina pekee, na mtu mwingine hukitengeneza upya na kulinganisha kabla hatujatangaza. Na anayenisukuma nimpe funguo haraka, simpi.

Kwa sababu hiyo pia nimejifunza kukataa. Mtu mmoja alituletea Windows kwa kiraka kimoja kikubwa, masharti yamejaa kila faili. Windows ina njia zake: long ina biti 32 hata kwenye mashine ya biti 64, soketi si namba ya faili, hakuna fork (wito wa kuzaa mchakato mpya), na utaratibu wake wa kusubiri hukuambia kazi imekwisha wakati epoll ya Linux na kqueue ya BSD hukuambia unaweza kuanza. Inawezekana kuyabeba yote hayo, lakini anahitajika mtu atakayekuwepo toleo lijalo na lile linalofuata. Nilimuuliza kama atakuwepo. Alisema hapana, anahitaji mara hii tu. Sikukipokea. Mfumo usio na mashine inayoendesha majaribio yetu wala mtu anayejibu ripoti zake, hatuuahidi. Hata Linux yenyewe iliiondoa Itanium, aina ya kichakataji, kwenye toleo 6.7, Januari 2024, baada ya kukosa mtunzaji.

Mashine zenyewe hazikosekani kama watu wanavyodhani. Lile shamba la mashine lililoanzishwa kwa ajili ya GCC hutoa akaunti bure kwa anayeandika programu huria, na humo nimefanyia kazi vichakataji vya POWER na SPARC nikiwa nimeketi Sinza. Mstari ukisuasua, kila herufi huchukua muda kurudi, kwa hiyo naandika kwangu, natuma, naendesha ndani ya tmux, inayobakiza kikao hata mtandao ukikatika, naendelea na mengine.

RISC-V, aina ya kichakataji chenye muundo ulio wazi kwa wote, ndiyo ya mwisho tuliyoipokea, baada ya Debian kuitambua rasmi mwaka 2023. Nilijiandaa kwa vita. Mpangilio wake wa kumbukumbu ni legevu kama wa ARM: kichakataji kinaruhusiwa kuonyesha maandishi ya uzi mmoja kwa mwingine kwa mfuatano tofauti na ulioandikwa, na foleni yetu ya mzunguko kati ya nyuzi ilikuwa zamani ikitegemea neno la C volatile, ambalo halizuii hilo. Lakini tulikwisha kuiandika upya kwa atomiki za C11 (shughuli za kumbukumbu zisizokatwa katikati) wakati wa ARM. Mpangilio wa baiti tulikwisha kuunyoosha kwa s390x, rafu kwa musl. Kilichoanguka ni viwili: hati ya config.guess, inayokisia aina ya mashine, ilikuwa ya kale mno kuitambua mashine, na GCC ya wakati ule ilihitaji kuunganishwa na maktaba ya libatomic kwa atomiki za baiti moja. Kiraka kilikuwa na mistari michache, na aliyekileta ni yule binti wa Mbeya, ambaye sasa amemaliza chuo na ndiye anayejibu ripoti zote za Alpine na RISC-V.